Plasma ya Papa Landry

Mume akibadilika ghafla, kuna jambo. Hilo sikufundishwa na mtu, na mtu hawezi kunitoa kwalo. Baharanyi, baba wa mwanangu Landry, tumeishi naye miaka mingi bila kumsikia akiilalamikia televisheni yetu ndogo yenye mgongo mnene. Alikuwa akiiwasha, anasinzia, mimi naizima. Halafu siku moja anarudi kutoka barabarani, hajavua hata viatu, ananiambia tunakwenda kununua plasma. Tena iwe kubwa.

Nilimtazama vizuri. Dereva wa lori la maharagwe na kabichi, anayetoka Rutshuru kushusha mzigo soko la Mabanga hapa Goma, hageuki mpenzi wa picha kwa siku moja.

"Plasma ya kufanya nini, Papa Landry?"

"Ya kuangalia. Batu bananunuaka plasma ya kufanya nini?"

Niseme wazi kilichokuwa kinaniuma. Tangu mvua za mwaka ule zianze, Baharanyi alikuwa halali nyumbani siku za safari. Zamani aliondoka Rutshuru alasiri, giza linamkuta njiani, na bado anaingia kwetu Keshero chakula kikiwa cha moto. Sasa jua likianza tu kuinama, anasimamisha lori Rumangabo, katikati ya njia, analala huko, kwangu anafika asubuhi. Nikiuliza, naambiwa barabara ni mbaya. Barabara ile ilikuwa mbaya tangu tuoane! Mwanaume anayelala mahali pamoja kila wiki ana kitanda mahali hapo, na kitanda hakijitandiki chenyewe.

Wifi yangu Bénita, dada yake mdogo, anayeuza vitenge Mabanga, ndiye aliyelisema kwa sauti. "Mama Landry, kaka yangu eko na nyumba ingine kule. Mimi ni damu yake, lakini sitakuficha."

Nilimwambia afunge mdomo, kwa sababu alikuwa amesema nililokuwa nikiliwaza usiku na mchana. Niliogopa kumpoteza mume wangu. Hofu yangu ilikuwa hiyo tu, sikuwa na nyingine. Na plasma nikaijua mara moja: mwenye kosa huja na zawadi mkononi ili kukufumba macho.

Hata hivyo nilikwenda naye dukani. Siwezi kufumbwa macho na kitu ambacho sikukichagua mwenyewe.

Duka lilikuwa la Havugimana, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Rutshuru, mtu mnene, mpole mno kwa maoni yangu. Siamini mfanyabiashara mpole. Mwaka ule viwanda vya ng'ambo vilikuwa vinaacha kutengeneza plasma, na zilizobaki zilikuwa zinashuka kwetu kwa makontena. Alikuwa amezipanga ukutani pamoja na televisheni nyembamba za aina mpya, zote zinaonyesha samaki walewale wakiogelea.

"Hizi nyembamba njo za kisasa, muzee," Havugimana alisema; "njo" yetu ni "ndiyo" ya wengine. "Hazikule courant mingi ya umeme. Lakini ukitaka giza ya kweli na rangi ya kweli, chukua plasma. Hata ukikaa pembeni, unaona sawasawa."

"Hata pembeni?" Baharanyi aliuliza.

"Hata pembeni."

Mume wangu alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Aligeuza kichwa upande huu, akakigeuza upande ule, kama kuku anayechunguza punje. Nami nikageuka kuona anamtafuta nani, kwa maana dukani mlikuwa na binti wa kupokea wateja, mweupe, amesuka vizuri. Kumbe binti alikuwa amekwenda zake kula. Sikuridhika.

Tulichukua kubwa kuliko zote. Wakati wa kuifunga, Havugimana akaanza masharti. Plasma mpya, alisema, huzoeshwa kwanza kama viatu vipya. Siku za mwanzo mwanga uwe wa chini. Tuchomeke kijiti cha USB alichotupatia, chenye rangi tupu, nyekundu, kijani, buluu, nyeupe, kijivu, zipishane kutwa nzima. Tusiweke mpira wa miguu, kwa sababu zile namba za magoli hazihami mahali pake. Tusiweke hata stesheni yenye alama kwenye kona. Alama ikikaa sana kwenye plasma changa, itajichapa na haitafutika tena.

"Kisha rangi zikizoea," alisema, "mutaweka ile picha ya mistari, mutarégler, mutarekebisha mwangaza. Mistari yote ikionekana, basi, mumemaliza."

Nilimsikiliza nikiwa nimefunga mikono kifuani. Mtu anakuuzia kitu, kisha anakukataza kukitumia. Kwetu hiyo ina jina lake.

Sasa, mtu wa Goma akinunua kitu kipya, majirani lazima waje kukiarosé. Iwe pikipiki, iwe godoro, kitu kipya kinamwagiwa kinywaji, yaani majirani wanakunywa na mwenye nyumba anatoa, la sivyo kitu hakina baraka na mwenyewe anaitwa bahili. Walikuja siku ya tatu, wamevaa vizuri, kwa maana kulikuwa na mechi kubwa jioni hiyo. Nilitoa vinywaji. Walikaa, wakaelekeza macho ukutani. Ukuta ulikuwa mwekundu.

Baadaye ukawa wa kijani.

"Mechi inaanza saa ngapi?" jirani mmoja aliuliza kwa adabu.

"Haiko na mechi," Baharanyi alijibu. "Inazoea."

"Inazoea nini?"

"Inazoea kuwa televizyo."

Walikunywa haraka, wakaenda kuangalia mpira kwingine. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unasema plasma ya Baharanyi ni ya wizi, ndiyo maana haithubutu kushika stesheni. Nilifedheheka hadi nikabadilisha njia ya kwenda kuchota maji. Lakini Baharanyi, ambaye zamani angetoka nje kugombana na mtaa, alibaki kwenye kiti chake akitazama rangi. Nyekundu. Kijani. Buluu. Nikawa namtazama yeye. Mtu anayetazama ukuta wa buluu kwa muda mrefu hivyo anamfikiria mtu.

Halafu ikaanza kulia. Ilikuwa inavuma, sauti nyembamba, ya nyuki ndani ya chupa. Rangi nyeusi ikija, inatulia. Nyeupe ikija, inavuma hadi meno yananikereka. Nilifunga kitambaa kichwani, nikaenda moja kwa moja kwa Havugimana.

"Ile kitu yako iko na nyuki."

Hakushtuka hata kidogo, na hilo nalo nililitia moyoni. "Inavuma kwa nyeupe?"

"Kwa nyeupe."

"Ni mulima, Mama. Plasma iko na gaz ndani ya kioo. Banaitengeneza kwa fasi za chini, karibu na bahari. Huku kwetu tuko juu sana, hewa ni nyepesi, basi kioo kinavuma. Haina mubaya. Mukipunguza mwangaza, itapunguza kelele."

Nimesikia uongo mwingi wa wafanyabiashara maishani mwangu, lakini televisheni yenye ugonjwa wa mlima ilikuwa mara ya kwanza. Nilicheka mbele ya wateja wake. Nyumbani nikampigia simu mdogo wangu Joviale, aliyeolewa Uvira, kule chini kwenye joto, ambaye mume wake alikuwa na plasma ya makontena hayohayo. Nilimwambia aweke nyeupe, kisha asogeze simu kwenye kioo. Nilisikia watoto wake, nikasikia jogoo wa jirani yake. Sauti ya kuvuma sikuisikia kabisa. Uvira iko chini na inanyamaza, sisi tuko juu na tunavuma. Havugimana alikuwa amesema kweli, na inaniuma hadi leo, kwa maana mfanyabiashara akisema kweli mara moja anakupotezea mwaka mzima wa tahadhari.

Lakini angalia jambo hili. Ile kelele, iliyomkera kila aliyeingia, Baharanyi hakuilalamikia hata mara moja. Tulipoanza kuweka filamu, yeye alilalamikia picha.

"Iko giza," alisema. "Pembeni yote iko giza. Huyu mutu ametuuzia kitu ya kufa."

Nilitazama pembeni. Pembeni palikuwa na watu kama pale katikati. Alichukua rimoti akapandisha mwangaza, akapandisha tena, nyuso za watu zikawa majivu, plasma ikavuma hadi mbwa wa jirani akabweka. Bado giza, alisema. Alibeba plasma akairudisha dukani. Havugimana, kwa upole wake uleule, akampa nyingine. Tukaanza upya na nyekundu, kijani, buluu. Ya pili nayo ilikuwa na giza pembeni. Havugimana akaja nyumbani mwenyewe, akakaa, akatazama, akasema, "Muzee, hii iko bien, iko muzuri." Baharanyi alimfukuza kama mwizi, yeye ambaye sijawahi kumwona akimfukuza hata mdai.

Bénita alikuwepo. Alinivuta uani. "Umeona? Anatafuta kosa."

Nilikuwa nimeona. Nimewajua wanaume wanaotaka kuhama. Hawaanzi na mke. Wanaanza na chumvi, wanakuja kwenye mito ya kitanda, wanakuja kwenye televisheni, na kila kitu cha nyumba ile kikishakuwa kibaya, mke ndiye anayebaki kwenye orodha. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliamua sitangoja zamu yangu ifike. Nitamuuliza Rumangabo kuna nani, nitamuuliza ana kwa ana, na safari yake ya Jumatatu haitaanza kabla sijajibiwa.

Jumapili tulitoka misa. Baada ya kula, akasema leo ndiyo leo, tunarégler hii plasma tuimalize. Alifunga mlango, akanitaka nitundike vitenge viwili juu ya pazia, kwa sababu kazi ile inataka chumba cheusi. Nje jua lilikuwa linawaka, ndani tulikuwa kama kwenye ghala. Alinikalisha kwenye kiti cha kando ya ukuta, upande wa kushoto kwake. Yeye alikaa mbele, karibu sana. Akaweka ile picha ya mistari: upande mmoja weupe, kisha kijivu, kisha kijivu kizito, hadi upande wa pili ambako mistari ni myeusi ndani ya nyeusi.

"Mama Landry. Kule kwa giza, uko naona mistari ngapi?"

Swali gani hilo? Niliiona kama mtego. "Mbona unaniuliza mimi?"

"Hesabu tu."

"Naona yote. Sita."

Akapandisha mwangaza, plasma ikavuma. "Na sasa?"

"Ni sita. Lakini sasa inakuwa ya majivu. Ulikuwa umefika muzuri, umepita."

"Uko nadanganya."

"Mimi?"

"Iko miwili. Mistari ni miwili, Mama Landry! Juu ya nini unanidanganya?"

Hasira ikanipanda. Kuitwa mwongo na mtu anayelala Rumangabo! Nikasema moyoni, sasa hivi. Lakini mimi simuulizi mtu swali zito gizani. Nataka kuuona uso, kwa sababu mdomo unaweza kudanganya na kope haziwezi. Mahali pa kuuona uso wake palikuwa pamoja tu, kando ya plasma, ambako mwanga wake wenyewe ungemmulika. Nilivua kandambili ili asijiandae. Niliinuka nikapita nyuma yake, nikapita upande wake wa kulia, nikaenda kusimama ukutani, bega langu likigusa kioo. Ile kelele ya nyuki ilifunika nyayo zangu. Nikamtazama.

Na yeye alikuwa ameelekeza uso kwenye kiti changu.

"Mbona unanyamaza?" alikiambia kiti. "Nimekosa kwa kukuita mwongo. Unasikia? Nimekosa. Lakini usiniangalie vile, Mama Landry. Tangu mvua hizi uko naniangalia vile, sawa vile mutu anapima kilo ya mutu mwingine. Geuza macho kidogo."

Kiti kilikuwa kitupu. Palikuwa na mto wa kiti na kandambili zangu chini yake. Niliuona uso wa mume wangu kwa mwanga wa plasma, macho yamefunguka, yanakiangalia kiti kitupu na kukiomba radhi.

Sikuhitaji kuambiwa kwamba macho yanamwacha. Jua likiinama, analala Rumangabo. Televisheni ya zamani ikawa ndogo ghafla, na mpya ikawa na giza pembeni. Ndani ya chumba kile, akiwa amekaa, mambo yote niliyokuwa nimeyakusanya yalihama upande mmoja yakaenda upande wa pili, na hayakuniacha na mwanamke hata mmoja wa kumchukia. Nawaambia ukweli wa moyo wangu: kwa mara ya kwanza nilitamani awepo. Mwanamke ningejua la kumfanya. Ningepanda lori lilelile, ningemkuta.

"Papa Landry," nilisema. "Niko hapa."

Aligeuka, lakini alichelewa, na aligeukia sauti. Alitafuta kidogo kabla ya kunipata.

"Uko pale tangu lini?"

"Tangu ulianza kuongea."

Aliweka rimoti kwenye paja. Plasma iliendelea kuvuma kati yetu. Na kwa sababu mimi ni mimi, nilimuuliza hata hivyo.

"Rumangabo unalalaka kwa nani?"

"Kwa nani?" Alishangaa kweli, nikaona kope zake. "Ndani ya lori. Nalala kwa siège, kiti ya dereva. Jua ikishuka, barabara inapotea. Ile ya mbele naiona, ile ya pembeni inakatika. Batu banatembea pembeni, Mama Landry. Banatoka shamba, banatembea pembeni."

"Nani anajua?"

"Hakuna mutu. Patron, mwenye lori, akijua, kesho yake eko na dereva mwingine." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nilisema pengine televizyo ya zamani njo mubaya. Imechoka, itupwe. Tukanunua hii. Hii nayo ikakuwa na giza. Nikasema huyu Havugimana ametuibia. Nikaleta ya pili."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, pale katikati ambako ananiona. Alinishika mikono yote miwili. Alikuwa ameanza kusema haraka haraka, kama mteja anayeona duka linafungwa.

"Tutatafuta muchuuzi mwingine. Njo hivi tutafanya. Kuna moya kule mjini anauza zile nyembamba, banasema ziko na mwangaza mingi. Hii plasma ni kitu ya kufa, hata wewe umesema iko na nyuki. Mulima umeiharibu. Ikiharibu sauti, inaweza kuharibu picha pia, sivyo? Mama Landry. Wewe njo mutu hadanganywake na bachuuzi. Sema. Iko mubaya, sivyo?"

Maisha yangu yote sijamtetea mfanyabiashara. Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, Havugimana ni mwizi, na mume wangu angelala vizuri usiku ule, na alfajiri angepanda lori lake kwenda Rutshuru, na watu wangekuwa wanatoka shamba, wanatembea pembeni.

Niligeuka nikaitazama plasma mara nyingine, nitafute angalau doa. Mistari yote sita ilikuwa pale, wazi.

"Televizyo iko muzima, Papa Landry," nilisema.

Aliendelea kunishika mikono. Aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza hadi mwisho.

"Basi," alisema, "njo mimi."